Fensi ya msumeno wa zamani: usiipeleke kwenye grinda, wala usiirefushe

SWALI: Nimenunua msumeno wa meza wa Kiingereza wa zamani, wa inchi 10, kwenye mnada wa karakana ya shule. Mota ni nzima, lakini fensi ya kupasulia, ule ukingo wa chuma unaoongoza mbao kando ya bledi, imeganda kwa kutu. Kipini cha kufungia hakigeuki, na kile kirungu cha kuisogeza kidogo kidogo hakizunguki. Fundi wa kuchomelea ameniambia ataipiga moto wa gesi, ataisugua kwa grinda hadi ing'ae, kisha ataongeza kipande cha chuma cha pembe kwa sababu fensi inaishia katikati ya bledi, haifiki nyuma ya meza. Bei yake ni nafuu. Nikubali? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Usikubali hata moja kati ya hayo matatu. Nianze na la mwisho, kwa maana ndilo linaloweza kukuumiza, na ndilo linalofanyiwa mashine hizi karibu kila zinapoingia mikononi mwa watu wasiozijua.

Fensi yako haikukatwa wala haikuvunjika. Ilitengenezwa fupi makusudi. Mbao inapopasuliwa kwa urefu, nguvu zilizokuwa zimefungwa ndani ya mti huachiliwa, na vipande viwili hujikunja. Mkaratusi uliokua haraka ndio mbaya zaidi, na hata saiprasi mbichi inayouzwa siku chache baada ya kupasuliwa haitulii. Vipande vikitanuka, kile kilicho upande wa fensi kinahitaji nafasi ya kwenda. Fensi ikiishia mbele ya bledi, kinaipata. Ikiendelea hadi nyuma, kipande hubanwa kati ya chuma na meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu na kuelekea kwako. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake hukimbia takriban mita 40 kila sekunde. Mbao ikidakwa hapo hurushwa kwa mwendo unaokaribia huo, na wewe ndiye uliyesimama mbele yake.

Kwa mbao, mwisho wa fensi ukae sambamba na mabonde ya meno ya mbele, pale yanapotokea juu ya meza. Fensi nyingi za aina hii zina nafasi ndefu ya bolti mbili ubavuni: zilegeze, ivute au isukume, kaza. Ukipasua plaiwudi au blokbodi, ambazo hazina nguvu hizo ndani, isukume yote hadi nyuma ya bledi. Ndiyo sababu inateleza.

Sasa kutu. Fensi hizi ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Ukikipasha moto mkali sehemu moja huku nyingine ikiwa baridi, hupasuka, mara nyingi pale penye ukuta mwembamba karibu na tundu la kipini. Ukikichomelea kwa fimbo ya kawaida, kiungo hukauka kama kioo na uso wa fensi hupinda. Nayo grinda huchimba mashimo usiyoyaona kwa macho lakini mbao huyahisi. Kung'aa si kunyooka. Kazi ya fensi ni kunyooka na kushika, basi, na grinda huondoa yote mawili.

Piga picha za simu kila upande kabla ya kugusa chochote, na utie alama za ponchi pale vipande viwili vinapokutana. Changanya mafuta ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kioo au kopo la bati, maana asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki. Dondoshea kwenye kila kiungo asubuhi na jioni kwa siku 3. Usiilete karibu na moto. Baada ya siku hizo gonga polepole kwa nyundo ya mbao au shaba. Unataka mtikisiko uingize mafuta kwenye nyuzi, si nguvu ya kung'oa. Ikiwa bado imeganda, futa mafuta yote, acha asetoni iishe hewani, kisha mwagia maji yanayochemka kwenye sehemu ya nje na ujaribu tena kabla haijapoa.

Hapa ndipo wengi huvunja. Kirungu na kipini mara nyingi vimeshikwa kwa pini nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine. Ukiigonga kutoka upande mnene unaikaza zaidi, na mwishowe sikio la chuma linakatika. Safisha ncha zote mbili, zipime kwa kalipa, gonga kutoka ile nyembamba. Ukishakitoa kipini, chomoa fimbo ndefu inayopita ndani ya fensi hadi kwenye ndoano ya nyuma, ukiangalia springi yake isiruke. Nyuma ya kirungu utakuta gurudumu dogo la meno linalotembea kwenye meno ya reli ya mbele. Hayo meno yachokonoe kwa msumari wa shaba au mswaki wa waya, kwani ulimbo uliochanganyika na vumbi huwa mgumu kama saruji na ndio unaofanya watu waamini kuwa meno yamelika.

Bolti zikiharibika, usilazimishe za milimita. Mashine za Kiingereza za zamani hutumia nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza kinachohesabiwa kwa inchi. Ya inchi 3/8 ina nyuzi 16 kwa inchi na kipenyo cha milimita 9.5, bolti ya M10, yaani ya milimita 10, itaingia mizunguko miwili halafu itakula nyuzi za chuma, na hapo umeharibu mwili ambao haununuliki tena. Fundi wa lethi atakuchongea bolti ya Whitworth ukimpelekea nzima mojawapo kama mfano.

Vipande vidogo vilaze kwenye siki usiku mmoja, si wiki. Visugue, visuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, vikaushe papo hapo na uvipake mafuta, la sivyo kutu jipya litarudi kabla ya chakula cha mchana. Asidi ya betri usiiguse, hata ukiambiwa ni ya haraka: hula chuma pamoja na kutu. Uso mrefu wa fensi ukwangue kwanza kwa wembe uliolala, kisha msasa wa namba 320 uliozungushiwa kibao kilichonyooka, na mafuta ya taa. Madoa meusi yakibaki, yaache.

Weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso na upitishe filageji, ile ya kupimia tapeti. Pengo la milimita 0.1 kwenye urefu wa sentimita 60 halina neno. Likizidi 0.2, usichonge chuma. Funga kibao cha mvule mkavu au MDF ya milimita 18, uweke vipande vya karatasi ya kawaida nyuma yake pale penye bonde. Kila karatasi ni kama milimita 0.1.

Kupanga kuna mfuatano. Kwanza bledi iwe sambamba na mfereji ulionyooka uliochongwa juu ya meza: tia alama jino moja, lipime mbele, lizungushe nyuma, lipime tena. Tofauti isizidi 0.1. Ndipo ulegeze bolti zinazoshikilia fensi kwenye kichwa chake, uilaze kwenye mfereji na kukaza. Nyuma inaweza kuwa wazi zaidi kwa milimita 0.1 hadi 0.2, kamwe isiwe imefinya. Funga na kufungua mara tano, ukipima kila mara. Namba zikibadilika, tatizo ni springi au kemu iliyolika, yaani kile kipande kinachokaza fensi kipini kinapogeuzwa.

Reli usiipake oili, hasa ile chafu ya injini. Hushika vumbi na kuchafua mbao. Nta ya nyuki au mshumaa, ukiifuta ibaki utando tu, inatosha, na karibu na ziwa rudia kila mwezi. Polishi yenye silikoni iache, kwani vanishi haitashika kwenye mbao iliyoigusa.

Mafundi wanaouza fensi za kuchomelea, kuanzia Kisumu hadi Nakuru, ndio hao hao wanaong'oa kisu cha nyuma ya bledi wakisema kinazuia kazi. Kipasuo kikijifunga, kisu hicho ndicho pekee kinachokizuia kubana meno. Kama mnada haukukupa, kichongeshe kabla hujawasha mashine: kinene kuliko bamba la bledi, chembamba kuliko upana wa mkato, na umbali wa milimita 3 hadi 8 kutoka menoni. Kichonge pia kijiti cha kusukumia, kisichopungua sentimita 45, ukitumie kwa sentimita 30 za mwisho za kila mpasuo.