Mbegu za kiume: kuzidisha si kuongeza

Mwalimu, shikamoo. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, lakini mzee wa miaka 70 bado anapata mtoto. Mbegu zake zinatoka wapi kila siku? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Korodani imejaa mirija myembamba iliyojikunja-kunja, na ukutani mwa mirija hiyo zimekaa seli shina chache. Zikigawanyika, baadhi hubaki kuwa seli shina na nyingine huanza safari ya kuwa mbegu, safari ya zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1994 Ralph Brinster na wenzake huko Marekani walichukua seli za korodani za panya wakazipandikiza kwa panya tasa, na tasa yule akaanza kutengeneza mbegu.

Nani huiambia seli ibaki au iondoke? Na ujumbe huo ukiongezwa, mbegu si zitaongezeka? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabata)

Hapa ndipo penye utamu wote. Seli shina imezungukwa na walezi wake, seli za Sertoli. Hizo hutoa protini iitwayo GDNF, nayo hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli shina na kuiamuru ijizalishe bila kubadilika. Mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo ya panya wa aina mbili. Waliopungukiwa GDNF waliishiwa seli shina polepole. Waliozidishiwa, ambao wewe ungetegemea wawe na mbegu tele, walirundika seli changa zilizokataa kukua, wakawa tasa.

Kuna pia protini za FGF, ambazo huja kwa kiasi kidogo na seli shina huzigombania kama abiria na viti vya daladala la Gongo la Mboto jioni. Seli zikiwa nyingi, kila moja hupata kidogo, na nyingi huishia kuondoka kwenda kuwa mbegu. Zikipungua, zilizobaki hushiba na kuzaana. Hesabu hujirekebisha bila msimamizi. Amri ya kuondoka nayo hutoka kwa asidi ya retinoiki, inayotengenezwa kutokana na vitamini A. Panya asiyepata kabisa vitamini hiyo hubaki na seli changa tu.

Jimu kwetu vijana wanachoma sindano za testosteroni. Wanasema zinaongeza na uzazi. Kweli? (Msomaji, Kinondoni)

Kinyume chake. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hupunguza homoni za LH na FSH zinazoiendesha korodani. Bila LH, korodani huacha kutengeneza testosteroni yake, na ndani ya korodani ndiko inakohitajika kwa wingi kuliko kwenye damu. Bila FSH, seli za Sertoli hulegea. Mbegu hushuka, wakati mwingine hadi sifuri. Ndiyo maana sindano hizo zimejaribiwa kama uzazi wa mpango wa wanaume. Wengi hurudia hali yao baada ya kuacha, lakini huchukua miezi, na wapo wanaozidi mwaka. Anayetaka mtoto aziache, kisha amwone daktari.

Na supu ya pweza je? (Msomaji, Magomeni)

Tamu. Ina protini na madini ya zinki. Kunywa kwa raha zako, ila korodani haina haja ya kujua.

Mwalimu, mwanangu ana miaka 17, anaanza dawa za saratani wiki ijayo. Nasikia zinaua uzazi. (Mama, Temeke)

Pole sana, mama. Dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazogawanyika, na seli za mbegu zimo. Seli shina zikisalia, uzalishaji unaweza kurudi baada ya miezi au miaka. Zikiisha zote, haurudi. Inategemea dawa na kipimo chake, kwa hiyo muulize daktari wake kabla ya dozi ya kwanza: je, mbegu zake zinaweza kugandishwa, na wapi? Katika umri wake kwa kawaida inawezekana. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, kugandisha vipande vya korodani bado ni jambo la utafiti. Akiona haya kulizungumza mbele yako, mwombe mjomba wake aende naye.