Makato, Madai na Ada ya Chama: Ushauri kwa Mwalimu wa Shule ya Umma

Tangu walimu wenzangu wa hapa Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, waliponichagua kuwa mwakilishi wao wa chama mahali pa kazi, nimekuwa nikiulizwa maswali yale yale katika chumba cha walimu, sokoni, na wakati mwingine hata msibani: kwa nini nimekatwa kiasi hiki, fedha yangu ya likizo iko wapi, nimepanda daraja mbona mshahara haujabadilika, na je, ninaweza kujitoa kwenye chama. Nimesindikiza madai mengi kutoka shuleni hadi halmashauri, na nimejiridhisha kwamba sehemu kubwa ya yale yanayokwama hayakwami kwa sababu sheria inamnyima mwalimu haki yake. Yanakwama kwa sababu yamepelekwa kwa ofisi isiyohusika, au yamepelekwa kwa mdomo.

Nianze na hati ya mshahara, kwa kuwa ndiko maswali mengi yanakozaliwa. Siku hizi hati hiyo hupatikana kwenye simu kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni ambamo mtumishi wa umma huona taarifa zake mwenyewe, lakini walimu wengi huifungua pale tu benki inapoidai kwa ajili ya mkopo. Mwalimu mmoja kijana wa ajira mpya alinijia wakati wa mapumziko ya saa nne, akanipa simu yake na kusema, "Shikamoo Mwalimu, naomba uniangalizie, naona kama wamenikata mara mbili." Tuliketi tukapitia mstari mmoja baada ya mwingine, naye akagundua kwamba hakuna kilichokatwa mara mbili, tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza kila mstari unakwenda wapi.

Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, kiasi ninachokichagua kwa wepesi wa hesabu tu. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, huchukua asilimia 5 kwa mwalimu, ambayo ni shilingi 40,000, na mwajiri huongeza asilimia 15 ambayo haitoki mfukoni mwako. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3 kwako, yaani 24,000, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Kodi ya mapato hukokotolewa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, hivyo hapa inatozwa juu ya shilingi 760,000: shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na 240,000 zilizobaki hutozwa asilimia 20, jumla 68,000. Ada ya chama kwa kiwango cha asilimia 2 ni 16,000. Kama ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, ongeza asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Jumla ya makato yote ni shilingi 268,000, na mkononi zinabaki 532,000. Fanya hesabu hii kwa mshahara wako mwenyewe, kisha linganisha na hati yako. Ukiona mstari usioufahamu, uliza mwezi huo huo, kwa sababu kurejeshewa makato ya mwezi mmoja ni jambo dogo, ilhali kurejeshewa makato ya miaka miwili ni kesi. Walioajiriwa zamani na wanaokaribia kumaliza deni la Bodi wawe makini zaidi: omba taarifa ya deni lako kabla halijafika mwisho.

Hapo kwenye 532,000 ndipo wakopeshaji wanapoanza kupiga hesabu zao. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Kwa mfano wetu theluthi hiyo ni kama shilingi 266,700, kwa hiyo benki inaweza kukukata hadi takribani 265,000 kwa mwezi na bado ikawa ndani ya utaratibu. Nasema inaweza, sisemi inafaa. Mwalimu aliyebaki na theluthi moja katika kijiji cha mwambao wa Uvinza, ambako safari moja ya boti kwenda kufuata huduma hula sehemu nzuri ya hicho kilichobaki, hana pa kusogea, na mkopo wake unaofuata utakuwa ule wa mtaani unaoitwa kausha damu. Nimeona walimu wakimwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mkopo wa namna hiyo hauonekani kwenye hati ya mshahara, haulindwi na kanuni ya theluthi, na chama hakina pa kuushika kikitaka kukusaidia.

Sasa nieleze ofisi zenyewe, maana hapa ndipo walimu wengi wanapozungushwa. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, ndiyo inayosajili walimu, kuwathibitisha kazini, kuwapandisha madaraja na kushughulikia nidhamu yao, na ina ofisi wilayani. Tume hailipi mshahara. Ikishatoa barua ya kupanda daraja, kazi ya kubadilisha taarifa zako kwenye mfumo ni ya mwajiri, ambaye ni mkurugenzi wa halmashauri kupitia ofisi ya utumishi, na fedha zenyewe hutoka Hazina. Kwa hiyo mwalimu mwenye barua mkononi na mshahara wa zamani kwenye hati hana sababu ya kurudi Tume. Aende kwa afisa utumishi aulize kama badiliko lake limeingizwa na limefika wapi. Kinyume chake, yule ambaye wenzake wa mwaka mmoja wa ajira wamepanda naye amebaki, mlango wake ni Tume, ili ajue kama jina lake halikuwasilishwa, kama tathmini yake ya utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, haikukamilika, au kama anastahili kufikiriwa kwenye mserereko, yaani kupandishwa hadi daraja alilostahili kuwa nalo kama asingecheleweshwa. Aliyejiendeleza kutoka cheti au stashahada hadi shahada na kuomba kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya kazi inayolingana na elimu yake mpya, atapita ofisi zote hizo kwa zamu, na asishangae.

Kuna tofauti nyingine ambayo ningependa kila mwalimu aijue kabla hajaanza kulaumu mtu. Madai yamegawanyika katika mafungu mawili. Madai ya mishahara, kama vile malimbikizo yanayotokana na kupanda daraja au kuchelewa kuingizwa kwenye malipo, hulipwa na Hazina baada ya kuhakikiwa. Madai yasiyo ya mishahara, kama nauli ya likizo na gharama za uhamisho, hulipwa na halmashauri kutoka fungu la matumizi mengineyo, fungu ambalo kila idara ina jicho juu yake. Ndiyo maana mwalimu anaweza kulipwa malimbikizo makubwa huku nauli yake ndogo ya likizo ikiendelea kusubiri. Nauli hiyo hutolewa mara moja kila baada ya miaka miwili, nayo huhesabiwa kwa mahali ulipojiandikisha kuwa nyumbani ulipoajiriwa. Mwalimu wa Kasulu anayetoka Kilimanjaro ana dai zito kuliko jirani yake anayetoka Kibondo, na kwa kuwa ni zito, hutafutiwa sababu ya kusogezwa mbele. Peleka maombi yako mapema, kabla bajeti ya mwaka haijapangwa, ili dai lako liwe limehesabiwa.

Kuhusu uhamisho nitasema jambo moja tu: soma barua yako hadi mstari wa mwisho kabla ya kufungasha. Ukihamishwa kwa maslahi ya umma unastahili posho ya kujikimu, posho ya usumbufu na gharama za kusafirisha familia na mizigo. Ukiomba mwenyewe, au ukibadilishana na mwenzako, barua itasema kwamba uhamisho hauna malipo. Nimekutana na mwalimu aliyeshauriwa na bosi wake "aandike tu barua ya kuomba ili mambo yaende haraka", ilhali ni mwajiri aliyekuwa anamhitaji kule. Mambo yalikwenda haraka kweli, na mizigo akajisafirishia mwenyewe.

Nije kwenye chama, swali ambalo huulizwa kwa hasira kuliko mengine yote. Chama cha Walimu Tanzania kilisajiliwa mwaka 1993 na ndicho chenye walimu wengi zaidi, ingawa si peke yake. Kuna CHAKUHAWATA, chama kingine cha walimu, na wapo walimu waliojiunga na vyama vingine vya watumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama anachokitaka, na inasema mwajiri atakata ada baada ya mfanyakazi kuridhia kwa fomu maalumu, ambayo walimu wengi wanaifahamu kama TUF 6. Anayetaka kuondoa ridhaa hiyo anatoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama, wote wawili. Wengi huandika kwa chama pekee, au hulalamika kikaoni, kisha hushangaa makato yakiendelea.

Lakini kujitoa si lazima kukuondolee makato. Sheria hiyo hiyo inaruhusu chama kinachotambuliwa kuwa na walio wengi kufanya makubaliano na mwajiri ili wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, kwa hoja kwamba nao hunufaika na kile kilichojadiliwa. Ada hiyo haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, na kuilipa hakukufanyi uwe mwanachama. Matokeo yake ni kwamba mwalimu aliyejitoa kwa hasira anaweza kujikuta analipa karibu kiasi kile kile huku akiwa hana kura katika uchaguzi wa chama wala sauti ya kuhoji mapato na matumizi. Ndiyo sababu huwa nawaambia walioudhika wapime kwanza. Kama umepata chama kingine unachokiamini, hamia huko kwa maandishi, tena ukiwa umesoma katiba yake. Kama huna pa kwenda, baki ndani uhoji.

Wanaohoji wana hoja. "Chama kinanipa nini zaidi ya fulana ya Mei Mosi?" ni swali halali, hasa ukizingatia kwamba ada ya asilimia hupanda yenyewe kila mshahara unapopanda, bila mkutano wowote kuamua. Mwaka 2025 Serikali ilipotangaza kwenye sherehe za Mei Mosi mkoani Singida kwamba kima cha chini kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, walimu wengi walidhani kila mtumishi angeongezewa asilimia hiyo. Asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, na madaraja ya juu yalikuwa na nyongeza yao. Lakini kwa kila aliyeongezewa, ada nayo iliongezeka. Mwanachama ana haki ya kuuliza ongezeko hilo limefanya nini katika wilaya yake, na mahali pa kuuliza ni kwenye kikao cha tawi, ambacho hapa kwetu mara nyingi huwa na viti vitupu kuliko watu.

Upande wa pili nao niuseme bila kupunguza. Siku mwalimu anapopewa hati ya mashtaka ya nidhamu ndipo ada ile inapojieleza, kwa sababu anahitaji mtu anayejua taratibu za Tume, anayejua muda wa kujibu, na anayeweza kumwandikia rufaa. Nimeshuhudia majibu ya mashtaka yaliyoandikwa usiku mmoja kwa uchungu, yakikiri mambo ambayo mwalimu hakuulizwa. Ukipata barua ya namna hiyo, usijibu siku hiyo hiyo. Mwone mwakilishi wako au katibu wa wilaya kwanza, ukiwa na barua yenyewe mkononi, na uangalie tarehe ya mwisho ya kujibu.

Kuhusu bima na pensheni, kagua majina. Bima ya mtumishi inamhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, na mtoto asiyeandikishwa hatatibiwa hata kama makato yamekwenda kila mwezi. Kwa pensheni, majina yetu ya Kiha yanayoanza na Nt- au Nd- hupoteza herufi mikononi mwa makarani, na jina la cheti likitofautiana na la kitambulisho cha Taifa au la barua ya ajira, usumbufu wake utaupata ukiwa na miaka 60. Wakati wa kurekebisha ni ukiwa bado kazini, hasa kama unafikiria kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55. Na msidanganyane kuhusu mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja unapostaafu: kanuni ya mwaka 2022 iliuweka kwenye asilimia 33, kisha mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa waliotoka kwenye kundi lililokuwa likipata asilimia 50 hapo awali, na hadi asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata asilimia 25. Kabla ya kununua mabati ya nyumba, jua uko kundi gani.

Limebaki jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza. Mwalimu anayeumia akiwa kazini, kwa mfano aliyeanguka na pikipiki akipeleka nyaraka za shule halmashauri, ana haki ya kuomba fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake na kwa hiyo hauonekani kwenye hati yako ya mshahara. Tukio linapaswa kutolewa taarifa ndani ya miezi 12. Mweleze mkuu wa shule kwa maandishi siku hiyo hiyo, tunza karatasi za hospitali, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka ofisini.