Yule farasi sherifu mwenye gitaa

Ndugu, farasi mweupe mwenye kofia ya kikauboi unayemuulizia, aliyekuwa akiwatwanga majambazi gitaa la kichwa, ni Quick Draw McGraw wa Hanna-Barbera, studio ya katuni ya Marekani. Katuni yake ilianza Marekani mwaka 1959. Gitaa lilitoka pale alipovaa kinyago na joho akajiita El Kabong, kwa kumwigiza Zorro, yule shujaa wa hadithi na filamu anayevaa kinyago. Msaidizi wake, punda mdogo Baba Looey, ndiye hasa aliyekuwa na akili: anauona mtego mapema, anaonya, bosi hasikii. Na sauti zote mbili ni za mtu mmoja, Daws Butler!

Mimi nampenda zaidi mbwa wao, Snuffles. Hafanyi kazi mpaka apewe biskuti, na akishaila anajikumbatia, anaruka juu hewani, kisha anashuka polepole kama unyoya huku akihema kwa raha. Hadi leo nikiiona sehemu hiyo nacheka kwa sauti.

Usimchanganye na sungura sherifu mwenye mbio za risasi; huyo ni mwingine, Ricochet Rabbit wa katuni ya 1964. Huyo hakuwa na gitaa.