Shahada ya fasihi pekee haitoshi darasani

Ndugu, umeuliza kama shahada ya fasihi ya Kiingereza inatosha kufundisha sekondari au uongeze stashahada ya uzamili ya ualimu. Ongeza. Shahada imekufunza kuchambua riwaya, si kumsaidia mtoto wa miaka 13 anayesimulia mambo ya jana kwa vitenzi vya leo.

Kabla ya kujiandikisha, uliza mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi na nani atakaa nyuma ya darasa kukuangalia. Ualimu unajengeka hapo hasa: unauliza swali, darasa kimya, unaingiwa na hofu na kujibu mwenyewe. Msimamizi mzuri atakuonyesha kwamba ungesubiri hata sekunde 3, mikono ingenyooka. Hakikisha pia stashahada yenyewe inatambuliwa na mamlaka inayosajili walimu unakotaka kufundisha.