Dola imegoma kwenye Python

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Nina kodi ya Python imejaa weka(jina, umri) kila kona, sasa fankisheni nimeibadilisha inataka umri utangulie. Kwenye VS Code nilitafuta weka\((\w+), (\w+)\) nikabadilisha na weka($2, $1), ikakubali fresh tu. Mafaili yaliyobaki ni mengi nikasema niandike skripti ya re.sub (amri ya Python ya kutafuta na kubadilisha) na regeksi ileile (ule mchoro wa kutafutia), ikaniandikia weka($2, $1) hivyohivyo, dola na kila kitu! Nikajaribu "weka(\2, \1)" ndo balaa kabisa, ndani ya mabano nakuta visanduku vya ajabu. Nakwama wapi?

JIBU: Regeksi yako haina tatizo. Mabano yenye bakslashi ni ya kodi yenyewe, yasiyo nayo ndo yanashika maneno, na namba unazihesabu kwa mabano ya kufungua kuanzia kushoto. Shida ni namna ya kuyaita hayo maneno: JavaScript na VS Code wanaita kwa dola, Python, sed na Vim (hizi mbili ni zana za kuhariri maandishi) wanaita kwa bakslashi, kwahiyo Python ikiona $2 inaona maandishi tu.

Visanduku sasa. Kabla re.sub haijagusa chochote, Python yenyewe ishasoma "\2" kama herufi yenye kodi namba 2, herufi isiyoonekana, edita yako inachora kisanduku. Weka r mbele ya nukuu tu, Python iache bakslashi zilivyo: r"weka(\2, \1)", kwisha habari. Mi mwenyewe r huwa naiweka hata pasipohitajika, maana hata \b bila r inageuka kuwa bakispesi na unaweza kukesha ukitafuta kosa.

Na hiyo \b (kwenye regeksi ni mpaka wa neno) utaihitaji, anza na \bweka, la sivyo kuweka(a, b) nayo itageuzwa. Halafu weka(soma(x), y) itarukwa kimyakimya kwasababu \w+ (herufi, namba na _ tu) haivuki mabano, hizo zitafute kwa macho, usijaribu kutunga regeksi ya mabano ndani ya mabano utaumwa kichwa bure.

Siku ukitaka sifuri ifuate baada ya kundi la kwanza (yaani maneno yaliyoshikwa na mabano ya kwanza) usiandike \10, Python itatafuta kundi la 10 na kukupigia kelele, andika \g<1>0. Na kabla ya kuendesha skripti fanya komiti kwanza (hifadhi kodi ilivyo kwenye Git), ukimaliza pitia git diff, yaani orodha ya mabadiliko, mstari kwa mstari.