Siti za krimu zilinitia adabu

Wiki iliyopita nimeuza Crown yangu. Mnunuzi alifika Tabata Jumamosi asubuhi, na hakuanza na boneti wala tairi. Alifungua mlango wa dereva, akaketi, akapitisha kiganja kwenye usukani, halafu akainama akanusa siti kama mtu anayenusa mchele wa pishori sokoni.

"Hizi siti umezivalisha upya?"

"Hapana kaka, ni zilezile zilizotoka Japani."

Hakubishana sana. Alikata laki mbili za tairi, basi. Siku nzima nilitembea kifua mbele, mpaka mke wangu akaniuliza kama mshahara umeongezwa.

Lakini waliokuwepo wakati wa gari langu la kwanza wanajua nilikotoka. Lilikuwa Harrier, ile tuliyoibatiza tako la nyani, na ndani ilikuwa na ngozi rangi ya krimu. Ninyi mnaosoma hapa mnaelewa maana ya siti za krimu. Unapunguza sahani ya chipsi miaka mitatu, unaliwaza gari hilo usiku na mchana, na siku likitoka bandarini unalala nalo kichwani. Nililipenda kuliko akili yangu ilivyoruhusu.

Mwezi wa pili siti ya dereva ikaingia ubluu wa jinzi. Nikalipeleka kwa vijana wanaoosha magari karibu na kwangu. Kijana akachota sabuni ya unga, akashika brashi ya kufulia, akasugua mpaka povu likageuka rangi ya chai ya maziwa. Siti ikatoka nyeupe peee! Kisha akaniuliza, "Bosi, nikuwekee na ile ya kung'aa?" Nikamwambia aweke kila mahali. Akapaka siti, dashibodi, mpaka usukani. Nikampa hela na ya soda juu.

Kwenye kona ya Bamaga usukani ukaniponyoka mikononi kama kambare. Hapo ndipo ningeshtuka, sikushtuka. Nikarudi pale kila baada ya wiki mbili, karibu mwaka mzima. Ule ukingo wa siti ulioinuka upande wa mlango, unaoburuzia paja ukishuka, ukaanza kufanya vistari kama nywele. Vistari vikawa nyufa. Rangi ikaanza kubanduka vipande vipande, inang'ang'ania suruali. Siku moja shemeji yangu alipanda mbele ya watu, akatazama chini, akasema, "Shemeji, siti zako zimeota magaga." Wote wakacheka. Nami nikacheka, ila sijasahau. Nilipoliuza, mnunuzi alikata milioni moja na nusu kwa sababu ya zile siti tu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi siti, Ilala. Nilimpelekea kabla sijauza, nikidhani atanipakia mafuta magaga yapone. Hakunijibu. Aliokota kipande cha ngozi ya gari sakafuni, akamimina tone la maji kwa kifuniko cha chupa. Tone likasimama, duara, kama umande kwenye jani la mgomba. Akachukua kipande kingine, kibichi, hakijapakwa kitu. Tone likazama palepale, likaacha doa jeusi.

"Siti zako ni kama hiki kipande cha kwanza," akasema. "Wewe hugusi ngozi. Unagusa rangi, na juu ya rangi kuna utando. Mafuta yako yanapita wapi?"

Halafu akabonyeza ubavu wa siti yangu akacheka: huko pembeni hata si ngozi, ni reksini, ile plastiki inayoigiza ngozi. Magari mengi ndivyo yalivyo. Ngozi iko pale unapokalia na unapoegemea, kwingine reksini. Mwaka mzima nilikuwa nalisha mafuta plastiki.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia mpaka mchoke: futa uchafu mapema, kwa upole, usitafute mng'ao. Siti inauawa na jasho, mafuta ya mwili, losheni na vumbi letu hili. Vikichanganyika vinakuwa tope jembamba lenye chembe, na kila ukikaa unalisugulia kwenye utando kama msasa. Sabuni ya unga na ya mche nazo ni kali, zina magadi, zinaula huo utando. Ukishakwenda utando, rangi inafuata.

Crown niliishi nayo hivi. Kila Jumamosi, kabla ya chai, nilivuta vumbi kwenye mishono kwa mashine, maana mchanga unakaa humo. Kisha kitambaa laini chenye unyevu, siti zote na usukani. Dakika kumi. Mara moja kwa mwezi niliweka matone machache ya sabuni ya maji ya kuogea mtoto kwenye nusu lita ya maji, nikachovya kitambaa, nikakikamua. Sabuni inawekwa kwenye kitambaa, siyo kwenye siti, hasa kama siti zako zina vile vitundu, kwani maji yakiingia kwenye sponji ya ndani utajuta masika nzima kwa harufu ya ukungu. Uchafu ulipong'ang'ania nilipitisha mswaki laini, nikafuta kwa kitambaa cha pili chenye maji matupu, nikakausha kwa cha tatu. Vitambaa vitatu. Msinifanyie ujanja wa kimoja.

Usukani usiusahau, ndio unaoshikwa na mkono uliotoka kwenye mishikaki. Na vile vitakasa mikono tulivyovizoea mwaka 2020, acheni vikauke kwanza kabla ya kushika usukani. Spiriti inavua rangi. Jinzi mpya na kanga mpya inayochuja, tandika taulo mpaka zifuliwe mara mbili tatu. Ukiegesha juani siku nzima, weka ngao kwenye kioo. Mengine ni hayohayo: futa, futa, futa.

Na sasa niseme hili, anayechukia achukie. Ngozi safi haing'ai. Gari likitoka kiwandani ngozi yake imefifia kidogo, kama uso ulionawa. Ukiona siti inameremeta, jua ama ni mafuta ya mwili ya miaka, ama ni yale ya kupaka yanayokusanya vumbi. Ila sisi tunataka jirani aone. Tunalipa elfu kumi tupakwe kilainishi, tukinyimwa tunasema tumeibiwa. Kijana wa sabuni ya unga simlaumu tena. Nilimlipa afanye kile kile alichofanya, na nikaongeza ya soda.

Jana mwenye Crown mpya alinitumia ujumbe akitaka jina la mafuta niliyokuwa napaka. Nilimjibu sikupaka, sidhani kama ameamini. Na shemeji yangu, yule wa magaga, mwezi huu kashusha gari bandarini. Ndani krimu. Alipiga simu Jumapili usiku, sauti imelainika, anauliza habari za sabuni. Nimemwambia aje Jumamosi kabla ya chai, na aje na mswaki wake.