Yanapodondoka Sipo Yanapoingia

Swali: Nyumba yetu Malindi ni ya mabati. Matone yanaangukia kitandani, lakini juu yake hatuoni tundu.

Jibu: Tundu liko kwingine. Maji yakishapenya hushika mbao, yakateremka nayo, kisha yakadondoka mbali. Siku kavu, mmoja apande na mpira wa maji, mwingine abaki ndani na tochi. Anzeni ukingoni chini, mmwagilie kila sehemu dakika tano huku mkipanda. Mkianzia juu, maji yatapita matundu yote na hamtajua ni lipi.

Kagueni misumari kwanza. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni yanamopita maji. Raba iliyo chini ya kofia yake hupasuka kwa jua, na kwa hewa ya chumvi kutu huanzia hapo hapo. Ng'oeni, mtie mnene zaidi wenye raba mpya. Msiupigilie mpaka bati libonyee. Kishimo hicho kitatuamisha maji.

Swali: Shikamooni. Tuko Lamu, nyumba ya mawe. Sakafu ya juu, ambayo ndiyo paa, yavuja kila masika. Fundi ataka kuipiga simenti. Tukubali?

Jibu: Marahaba. Msikubali, tafadhali. Boriti za mkoko zinazobeba sakafu hiyo hucheza kidogo, simenti haichezi: hupata nyufa nyembamba kama unywele, maji huingia, na kwa kuwa haipumui kama chokaa, hayatoki. Boriti huanza kuoza ncha zilizozama ukutani, jicho lisipofika. Chomeni kisu hapo. Kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, badilisheni boriti kabla ya kugusa sakafu.

Kisha zibueni marizabu, yaani mifereji ya kutolea maji ya paani, mmwage ndoo ya maji juu, mtazame yanakotuama. Mteremko uwe kama sentimita 2 kwa kila mita. Kwangueni palipooza, mloweshe, mpige chokaa iliyozimwa 1 kwa mchanga 3, tabaka nyembamba nyembamba. Mchanga wa ufukweni msiuguse: chumvi yake huvuta unyevu hewani, pasikauke kamwe. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa siku saba, maana chokaa ikikaushwa na jua hupasuka. Kazi hii ni ya msimu wa kaskazi, mvua zikiwa bado.

Swali: Hiace yangu nimeifanya gari la kulala. Inavuja kwenye tundu la hewa la paani, na silikoni nimepaka mara tatu.

Jibu: Silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Fungua skrubu, toa fremu, kwangua yote kwa kipande cha plastiki usichune rangi, futa kwa spiriti, zungushia gundi ya poliurethani, urudishe. Lisilowe siku nzima. Plaiwudi ya ndani ibonyeze kwa kidole. Ikiwa laini, ikate uweke nyingine.